Fuwele Zenye Mkono: Jinsi Msokoto wa Atomi Unavyogawa Mitikisiko

Weka mezani vipande viwili vya kwatzi safi, kimoja cha mkono wa kulia na kingine cha mkono wa kushoto. Pima uzito, pima ugumu, pima jinsi vinavyopitisha joto: havitofautiani. Kemia yao ni moja, silikoni moja kwa kila oksijeni mbili. Hata ukipima frikwensi zote ambazo atomi zake hutikisika, orodha mbili utakazopata zitalingana namba kwa namba. Lakini kigeuze kimoja utakavyo, kichwa chini miguu juu, hakitakaa sawa na mwenzake, kama vile kiatu cha kulia kisivyoweza kugeuzwa kikawa cha kushoto.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kama orodha za frikwensi ni zilezile, mtu atasemaje kwamba umbo lenye mkono linaathiri mitikisiko? Linaathiri, ila si kwa kuongeza namba mpya kwenye orodha. Katika fuwele isiyo na mkono, wimbi linalojisokota kwenda kulia na lile linalojisokota kwenda kushoto hutumia frikwensi moja. Fuwele yenye mkono huvunja ushirika huo: moja linapanda kidogo, jingine linashuka. Katika fuwele iliyo taswira yake ya kioo, lililopanda ndilo linaloshuka. Namba hazibadiliki, wenye namba ndio wanaobadilishana.

Sifa hii ya kuwa na mkono huitwa ukairali, jina lililotokana na neno la Kigiriki la mkono, na aliyelileta katika sayansi ni Lord Kelvin mwaka 1893. Jambo lenyewe lilikuwa limejulikana zamani zaidi. Mwaka 1811 François Arago aliona kwamba kwatzi hugeuza mwelekeo wa mtikisiko wa nuru inayopita ndani yake. Takriban miaka kumi baadaye John Herschel akaonyesha kwamba upande ambao nuru inageukia hufuatana na mahali vilipo vijiuso vidogo vya pembeni mwa fuwele. Mwaka 1848 Louis Pasteur akatenganisha kwa mkono wake punje za chumvi ya asidi ya tatari, za kulia huku na za kushoto kule. Kwa nuru ya manjano ya sodiamu, milimita moja tu ya kwatzi hugeuza mwelekeo huo kwa takriban digrii 21.7. Hiyo ni nuru. Habari ya mitikisiko ya atomi zenyewe ilichelewa sana, na sababu ya kuchelewa nitaieleza mbele kidogo, kwa kuwa ndiyo kiini cha mambo.

Kwanza tuione fuwele kwa ndani. Katika kwatzi, kila silikoni imezungukwa na oksijeni nne, na vikundi hivyo vimepangwa kuzunguka mhimili mmoja kama ngazi ya mzunguko: panda theluthi moja ya kipimo, zunguka digrii 120, panda tena, zunguka tena. Baada ya hatua tatu, yaani nanomita 0.54 tu, umerudi ulipoanzia ila ghorofa moja juu. Teluri ni rahisi zaidi kuiwazia. Ni minyororo ya atomi za aina moja, kila mnyororo umejisokota kama hesi ya parafujo, atomi tatu kwa kila mzunguko. Zingefuri, yale madini mekundu ya zebaki na salfa, nayo ina msokoto wa namna hiyohiyo wa hatua tatu. Kila moja kati ya hizo tatu ina maumbo mawili ya kioo, la kulia na la kushoto.

Atomi hizo hazitulii. Kila moja imeshikwa na jirani zake kama kwa springi, na ukiisukuma moja, msukumo unasafiri katika kimia chote cha atomi kama wimbi. Kipande cha msingi cha kwatzi kina atomi 9, kila atomi ina njia tatu za kwenda, kwa hiyo kuna aina 27 za mitikisiko. Tatu kati ya hizo ni mawimbi ya sauti, ambamo majirani huenda pamoja. Zilizobaki 24 ni zile ambazo atomi za kipande kimoja huvutana na kusukumana zenyewe kwa zenyewe. Hizi za pili huitwa za nuru, kwa kuwa baadhi yake hujibu nuru ikizipiga. Nishati ya kila wimbi huja kwa mafungu, na fungu moja linaitwa fononi, kama vile fungu la nuru linavyoitwa fotoni. Wazo hilo ni la Igor Tamm, mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Sasa, atomi kutikisika kwenda na kurudi tunaelewa. Inazungukaje? Ning'iniza jiwe kwenye uzi, lisukume liende mbele na nyuma. Likifika mwisho wa mwendo wake, lisukume kwa ubavu. Litaanza kuchora duara. Mitikisiko miwili ya moja kwa moja, iliyopishana robo ya mzunguko, imezaa mwendo wa duara. Katika fuwele zenye mhimili kama wa kwatzi, wimbi linalopanda kwa kufuata mhimili huo linaweza kutikisa atomi kushoto-kulia au mbele-nyuma, na kwa kuunganisha hayo mawili tunapata duara la kulia na duara la kushoto. Kwa hiyo msokoto wa fuwele hauleti mzunguko. Mzunguko ungewezekana hata bila msokoto. Kinachokuja na msokoto ni kwamba duara hizi mbili haziko sawa tena.

Kwa nini? Maelezo mengi hukimbilia mahesabu ya ulinganifu na kumwacha msomaji njiani. Mimi naona kuna njia ya kuliona kwa macho.

Chukua mnyororo wa teluri uliojisokota kulia. Piga picha ya wimbi la duara kwa nukta moja ya wakati. Atomi ya chini imesogea, tuseme, kuelekea kaskazini. Ya juu yake imesogea kaskazini pia lakini imepinda kidogo, kwa kuwa iko mbele kidogo katika wimbi. Inayofuata imepinda zaidi. Ukiunganisha ncha za misogeo hiyo unapata hesi nyingine: hesi ya wimbi, iliyowekwa juu ya hesi ya atomi. Kama urefu wa wimbi ni hatua 36 za atomi, misogeo inapinda digrii 10 kila hatua, ama kuelekea kulia ama kuelekea kushoto.

Sasa jiweke mahali pa atomi. Atomi haijui kaskazini. Inajua tu jirani yake wa juu amekaa digrii 120 pembeni. Ukipanda ngazi hiyo ukigeuka nayo, digrii 120 kila hatua, utaona misogeo ikipinda kinyumenyume machoni pako. Katika wimbi linalojisokota upande uleule wa ngazi, utaona inapinda digrii 110 kwa hatua, kwa kuwa 10 zimekuja upande wako. Katika wimbi linalojisokota kinyume, utaona digrii 130. Kwa springi zilizo kati ya atomi, haya ni mambo mawili tofauti kabisa. Vifungo vinavutwa kwa kiasi tofauti, na kifungo kinachovutwa zaidi hurudisha kwa nguvu zaidi, na frikwensi inapanda. Katika mnyororo ulionyooka, jambo hilo lingekuwa digrii 10 kulia dhidi ya digrii 10 kushoto, na springi zisingekuwa na sababu ya kupendelea upande.

Picha hii ina zawadi nyingine ndani yake. Chora frikwensi dhidi ya pembe hiyo anayoiona mpanda ngazi. Utapata mstari mmoja unaoendelea bila kukatika, na mawimbi yetu mawili yako kila upande wa alama ya digrii 120: moja kushoto kwake, jingine kulia. Wimbi likiwa refu mno, yote mawili yanakaribia 120 na tofauti inakufa. Likifupika, yanaachana. Kwa mitikisiko ya aina ya nuru, mstari huo kwa kawaida hupita kwenye 120 ukiwa umeinama, kama mteremko wa kilima, kwa hiyo hatua ya kwanza tu pembeni inatosha kuleta tofauti. Ukifupisha urefu wa wimbi kwa nusu, pengo linaongezeka mara mbili.

Kwa mawimbi ya sauti mambo ni magumu zaidi. Wimbi la sauti lenye urefu usio na kikomo si wimbi tena. Ni fuwele nzima kuhama mahali, na kuhama hakuvuti springi hata moja. Kwa hiyo kwenye 120 frikwensi ni sifuri kabisa, na mstari una bonde pale. Pande mbili za bonde, karibu na chini, zinafanana. Tofauti inakuja baadaye, pande zinapoanza kukosa kulingana kadiri unavyopanda. Ndiyo maana pengo la frikwensi kati ya sauti ya kulia na ya kushoto hukua mara nne pale urefu wa wimbi unapopungua nusu. Likiwa dogo, ni dogo kwelikweli.

Sauti inayotikisa atomi kwa mstari mmoja ni mchanganyiko wa duara la kulia na la kushoto. Duara moja likitangulia kidogo, mstari wa mtikisiko unageuka wimbi linaposafiri, kama ilivyogeuka nuru ya Arago. Portigal na Burstein waliandika nadharia yake mwaka 1968, na mwaka 1970 Pine akachapisha habari za kuuona mgeuko huo moja kwa moja katika kwatzi. Mgeuko kwa kila milimita hukua kwa mraba wa frikwensi, kwa hiyo sauti ya kawaida inayosikika kwa sikio haionyeshi chochote cha maana. Unahitaji mitikisiko ya mabilioni kwa sekunde. Mwaka mmoja kabla, Pine huyohuyo pamoja na Dresselhaus walikuwa wameonyesha kwa nuru ya leza lile pengo la aina ya nuru ndani ya kwatzi, linalokua sawia. Nayasisitiza haya kwa sababu makala nyingi za siku hizi zinazungumza kana kwamba habari hii ilizaliwa juzi.

Na hiyo sababu ya kuchelewa? Ni urefu wa wimbi. Nuru inayoonekana ina urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi, na ngazi ya kwatzi inamaliza mzunguko katika nanomita 0.54. Leza ikigonga fuwele na kurudi, mtikisiko inaougusa una msokoto mlegevu mno, chini ya sehemu moja ya mia ya msokoto mkali kabisa ambao kimia kinaweza kuubeba. Unatazama mlima kwa kusimama kwenye kidole chake.

Turudi kwenye ulinganifu, kwa sababu sasa una picha ya kuuwekea. Chukua filamu ya wimbi la kulia linalopanda, icheze kinyumenyume. Wimbi linashuka, atomi zinazunguka kinyume, lakini hesi ya misogeo, ile tuliyoipiga picha, imebaki hesi ya kulia. Sheria za mwendo hazijali filamu inachezwa upande gani, kwa hiyo wimbi hilo la kushuka lina frikwensi ileile. Kioo hufanya jambo tofauti: hugeuza hesi ya kulia kuwa ya kushoto. Fuwele ambayo taswira yake ya kioo ni yenyewe italazimika kuzipa hesi zote mbili frikwensi moja. Fuwele yenye mkono haina sharti hilo. Kuna makundi 230 ya mpangilio ambayo fuwele zinaweza kuchukua, na 65 kati yake hayana kioo wala ugeuzaji wowote unaobadilisha mkono. Ndani ya 65 hizo, kwatzi, teluri na zingefuri zimo.

Ulinganifu hukuambia pengo linaruhusiwa. Haukuambii ni la ukubwa gani, wala ni nani aliye juu. Usitarajie kwamba katika fuwele ya kulia mawimbi ya kulia yatakuwa juu siku zote: mtikisiko mmoja wa kwatzi unaweza kuwa na wa kulia juu, na mwingine ndani ya fuwele hiyohiyo ukawa na wa kushoto juu. Inategemea ni kifungo kipi kinavutwa. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kukokotoa nguvu za atomi kwa kompyuta na kulinganisha na vipimo.

Katika miaka kumi hivi iliyopita lilikuja jina jipya, fononi kairali, na jina likaleta fujo. Zhang na Niu waliandika mwaka 2015 juu ya utando wa unene wa tabaka moja wenye mpangilio wa pembe sita, wakaonyesha kwamba atomi zake, katika mawimbi fulani mafupi, huzunguka kwa duara upande mmoja mahususi. Mwaka 2018 jambo hilo likaonekana kwa vipimo katika utando wa tangsteni na seleniamu. Kazi nzuri, ila utando huo hauna mkono kama wa kwatzi. Tena wimbi linasafiri ndani ya tabaka, na atomi zinazunguka ndani ya tabaka hilohilo, kwa hiyo mhimili wa mzunguko umesimama wima juu ya njia ya wimbi. Gurudumu linalobingirika barabarani ndivyo lilivyo: linazunguka, linakwenda, lakini halichori hesi. Parafujo inayoingia kwenye ubao inazunguka na kwenda mbele kwa mhimili uleule, na hiyo ndiyo yenye mkono. Laurence Barron alikwisha kuonya miaka ya 1980 kwamba kuna ukairali wa kweli na ule wa bandia, na kipimo chake kilikuwa hiki hiki cha filamu kinyumenyume. Kwa maoni yangu jina hilo lingepaswa kubaki kwa parafujo, lakini maji yamekwisha kumwagika, na msomaji wa leo inambidi aulize kila mara: mwandishi huyu anasema gurudumu au hesi?

Ndiyo maana mwaka 2023 kundi la Ishito, walipochapisha vipimo vya zingefuri, waliweka neno "kweli" katika kichwa cha habari. Mbinu yao inapendeza. Walipiga fuwele kwa leza ambayo nuru yake inazunguka, wakatazama nuru inayorudi ikiwa imegeuza mzunguko wake. Kila fotoni ya aina hiyo hubeba fungu moja la mzunguko, kujumlisha au kutoa. Ikiingia na +1 ikatoka na −1, ukihesabu kwa mhimili mmoja, imeacha 2 ndani ya fuwele. Lakini ngazi yetu ina hatua tatu, na kwake kila tatu ni sawa na sifuri, kama saa yenye namba tatu tu. Mbili kwenye saa hiyo ni sawa na −1. Kwa hiyo fononi iliyozaliwa ni ile ya −1 peke yake. Badilisha nuru ikazunguke kinyume, unapata ya +1 peke yake. Basi hulazimiki kutazama vilele viwili vilivyobanana na kubahatisha; unamwita mmoja baada ya mwingine na kusoma frikwensi yake. Vilele hivyo vilitofautiana.

Mwaka huohuo Ueda na wenzake waliingia kwa mlango mwingine. Badala ya leza walitumia eksirei laini, kwenye kituo cha Diamond Light Source nchini Uingereza, zenye nishati inayoamsha oksijeni za kwatzi. Urefu wa wimbi wa eksirei hizo ni nanomita 2 na kitu, kwa hiyo zinaweza kugusa mitikisiko iliyojisokota sana ambayo leza haiifikii. Walizungusha eksirei kulia, kisha kushoto, wakalinganisha ni kiasi gani cha nishati kilichoachwa kwenye fononi. Kulikuwa na tofauti, na walipoweka kwatzi ya mkono mwingine tofauti hiyo ikageuka alama.

Kuna atakayeuliza fuwele inapata nini kwa haya yote. Kipande cha kwatzi kilichotulia kwenye halijoto moja hakipati kitu. Kwa kila wimbi linalopanda likizunguka kulia kuna jingine la frikwensi hiyohiyo linaloshuka likizunguka kinyume, lile la filamu yetu, na jumla ya mzunguko ni sifuri. Lakini pasha moto upande mmoja na upoze mwingine. Joto ndani ya kwatzi, ambayo haipitishi umeme, husafirishwa na fononi. Sasa wapandao wamezidi washukao, mizania imevunjika, na fuwele inabeba mzunguko usio sifuri bila hata atomi moja kuhama mahali pake. Hamada na wenzake walilikokotoa hili mwaka 2018, wakiwa na teluri na seleniamu miongoni mwa mifano yao. Mzunguko huo ni wa kimakanika kweli, wa jamii moja na ule ambao Einstein na de Haas walionyesha mwaka 1915, pale fimbo ya chuma iliyoning'inizwa ilipogeuka kwa sababu usumaku wake umebadilishwa.

Kwa kuwa elektroni nazo zina mzunguko wao wa asili, spini, mzunguko wa fononi unaweza kukabidhiwa kwao. Mwaka 2023 kundi moja lilionyesha dalili za makabidhiano hayo kutoka fuwele mseto yenye mkono hadi kwenye shaba, na mwaka 2024 Ohe na wenzake walifanya hivyo kwa kwatzi iliyounganishwa na metali. Ndani ya vitu hivyo hakuna sumaku, wala elektroni hazipiti ndani ya kwatzi, ila joto tu. Walipobadilisha kwatzi ya kulia kwa ya kushoto, na joto likiendelea kutiririka upande uleule, ishara waliyoipima kwenye metali iligeuka kinyume.